Barua ya malalamiko: difu niliyoletewa siyo niliyolipia

Lubumbashi, 10 Februari 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Mauzo

Kuhusu: difu ya kujifunga ya Mercedes-Benz 450 SEL

Bwana Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Difu mliyoniuzia mwezi wa Januari, yaani kile chombo cha nyuma kinachogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, imefunguliwa garajini huku Kampemba, na ndani yake hakuna disiki hata moja. Ni difu ya kawaida iliyopakwa rangi nyeusi mpya. Fakture yenu imeandika difu ya kujifunga (ile inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure peke yake), ya disiki, uwiano 3.07, yaani shafti inayotoka gia boksi inazunguka mara 3.07 magurudumu yakizunguka mara moja. Naomba mnipe kilichoandikwa humo, la sivyo mnirudishie pesa zangu zote.

Naeleza kwa urefu kwa sababu kijana wa dukani kwenu alinijibu kwenye simu kwamba difu ni difu, mradi imeingia. Kuingia imeingia kweli. Bolti zote zilikaa mahali pake, na hapo ndipo hatari ilipo, maana kwa macho ya nje hakuna fundi ambaye angeshtuka.

Gari lenyewe ni la kizazi cha W116, kile kilichotengenezwa kuanzia 1972 hadi 1980. Lina injini ya V8 ya lita 4.5, na likiwa tupu linapita kilo 1,700. Marehemu baba alilinunua enzi za Zaire. Mpaka leo linafanya kazi: Jumamosi linapeleka maharusi kanisani, na siku nyingine linatupeleka Likasi kwa ndugu. Mvua zikianza Novemba, njia zetu za Bel-Air zinageuka potopoto nyekundu. Gurudumu moja la nyuma likikanyaga utelezi, difu ya kawaida inaliacha lizunguke bure, na lile lililo pakavu halipati nguvu ya kutosha kulisogeza gari. Gari zito namna hii halisukumwi na watu wawili. Mmeshaona wasimamizi wa arusi wakisukuma gari na suti zao? Mimi nimeona, na bibi arusi akilia ndani.

Ndiyo maana sikuchagua kwa haraka. Niliwaambia wazi kwamba sitaki ile difu ya kujifunga ya gia za mshazari, yaani zenye meno yaliyokatwa kwa kulala upande, ingawa ni nzuri kwenye lami na haina disiki za kulika. Udhaifu wake ni kwamba inaongeza nguvu ya upande wenye mshiko kwa kuzidisha ile ambayo upande unaoteleza bado unaishika. Gurudumu likiwa hewani au kwenye utelezi mtupu, unazidisha kitu kilicho karibu na sifuri, na gari linabaki pale pale. Ya disiki ina springi zinazozibana disiki tangu mwanzo, hata kabla injini haijasukuma, kwa hiyo upande wenye ardhi ngumu unapata chochote cha kulitoa gari. Kwa uzito huu na barabara hizi, hiyo ndiyo niliyoitaka, na mhudumu wenu aliandika hivyo mbele yangu.

Baada ya kuifunga, fundi alinyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma kwa jeki, gia ikiwa nyutro. Akazungusha la kushoto kwenda mbele. La kulia likarudi nyuma. Kwenye difu ya kujifunga iliyo nzima yangezunguka upande mmoja. Sikutaka kuwalaumu bure, maana disiki zilizochakaa pia huweza kuruhusu hivyo. Basi tukamwaga oili tukafungua kifuniko cha nyuma. Tulikuta gia ndogo za kati kwenye pini yao, bila disiki wala springi. Tukahesabu meno: gia kubwa 48, pinioni (gia ndogo inayoizungusha) 13. Gawanyeni wenyewe, mtapata 3.69. Huo ni uwiano wa 280 SE, ndugu yake mdogo mwenye silinda sita.

Tofauti ya 3.07 na 3.69 ni asilimia 20. Maana yake ni kwamba kwa mwendo ule ule injini inazunguka asilimia 20 zaidi njia nzima ya kwenda Likasi, na petroli nainunua mimi. Kipimo cha mwendo nacho kinasoma kutoka kwenye gia boksi, kwa hiyo nikienda 100 kinanionyesha kama 120. Na kwenye fakture hiyo hiyo mlinitoza oili maalumu ya difu ya kujifunga, ile yenye dawa ya kuzuia disiki zisikwaruze kwenye kona. Oili ya disiki ambazo hazipo!

Majibu yenu mawili siyakubali. La kwanza, kwamba garanti imekufa kwa sababu tumefungua kifuniko: bila kukifungua ningejuaje mlichoniuzia? La pili, kwamba nilehemu gia za ndani ili magurudumu yafungane moja kwa moja. Hilo lilinikasirisha kuliko yote. Difu iliyolehemewa hairuhusu gurudumu la nje kukimbia zaidi kwenye kona. Tairi zinakwaruzika, shafti zinabeba mzigo usio wao, na kwenye lami yenye maji nyuma ya gari inaweza kuponyoka. Humo ndani wanakaa watu.

Dekreti ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, katika kifungu cha 33, inasema kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Tulichopatana kimeandikwa na mkono wa mfanyakazi wenu.

Nadai basi mniletee difu ya disiki yenye uwiano 3.07, na kabla sijaipokea ifunguliwe kifuniko mbele yangu na fundi wangu, meno yahesabiwe na disiki zionekane. Kama hamnayo, nirudishieni bei yote pamoja na oili. Kwa vyovyote, gharama ya fundi kufunga na kufungua ni juu yenu. Difu yenu iko garajini, imefutwa na kufungwa kwenye kasha lake. Tumeni mtu aichukue. Nangoja jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo nitalipeleka shauri mahakamani pamoja na fakture na picha.

Pokea, Bwana Mkurugenzi, salamu zangu za heshima.

Mteja wenu, Bel-Air, Komuni ya Kampemba

Viambatisho: nakala ya fakture, picha za ndani ya difu, maelezo ya fundi yaliyotiwa sahihi