Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: kabla ya kuwaita mashujaa, waulizwe walifanya nini

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,

Kila tarehe 25 Julai, Rais anapoweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, baba yangu huzima redio. Alikuwa mgambo aliyeitwa vitani mwishoni mwa mwaka 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuliteka eneo letu la kaskazini ya Mto Kagera, naye alirejea nyumbani mwaka uliofuata, Kampala ikiwa imekwisha kuanguka tarehe 11 Aprili. Haizimi redio kwa hasira. Husema kwamba mashujaa wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi waliokufa katika vita hiyo, na kwamba yeye aliyerudi kwa miguu yake, akiitwa kwa jina hilo, hujiona kama aliyevalishwa nguo ya marehemu.

Kwa miaka mingi nilidhani huo ni unyenyekevu tu. Sasa naamini kuwa ana hoja. Neno shujaa, zuri kama lilivyo, aghalabu humaliza mazungumzo, kwa kuwa shujaa hudhaniwa haogopi, hachoki, hana la kudai, wala hapana anayemuuliza usiku analala vipi. Anayeshukuru, kwa upande wake, hana budi kujua anashukuru kwa lipi, na akishajua hujikuta ana deni. Mjukuu alipomuuliza babu yake alifanya kazi gani vitani, mzee alisimulia kwa muda mrefu habari za kubeba masanduku ya risasi kwenye matope, kisha akalitaja jina la mwenzake aliyekufa kwa homa njiani, ambaye hadi leo hajui alizikwa wapi. Mimi, mwanawe, sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo.

Mheshimiwa, vita ile haikupiganwa na wanajeshi wa kudumu peke yao. Walikuwapo polisi, askari magereza, vijana wa JKT na makumi ya maelfu ya mgambo, wengi wao wakulima walioacha jembe na baadaye wakalirudia. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927, huwakumbuka hata wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao maradhi yaliwaua kwa wingi, lakini maandishi yake hayamtaji hata mmoja wao kwa jina. Hiyo ndiyo shukrani ya jumla, na ingeniuma sana kuona mgambo wetu wakiachiwa ya namna hiyo hiyo.

Siombi neno shujaa lifutwe. Wapo waliotenda mambo yanayolistahili, na kwa sababu hiyo hiyo lisigawiwe kwa kila mtu bila kuuliza. Ninaloomba ni kwamba, kabla ya tarehe 25 Julai ijayo, uelekeze kila wilaya iwatafute waliokwenda Kagera na bado wako hai, yaandikwe majina yao, vikosi vyao na kazi walizofanya, kwa maneno yao wenyewe, pamoja na majina ya wale waliowaacha huko. Aliyekuwa na miaka 18 wakati ule sasa amevuka 60, na wengi walikuwa wakubwa kuliko hapo.

Baba yangu yuko tayari. Amesema ataanza na jina la yule mwenzake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtoto wa mgambo