Dada, ile ya bluu siyo bunduki

Fort Worth, Texas
Jumapili usiku

Dada Mwana, shikamoo.

Kwanza kabisa naomba umwambie mama atulie. Ile picha aliyoonyeshwa kwenye simu ni mimi kweli na ile kitu iko kiunoni kwangu kweli, lakini ile ya bluu siyo bunduki, ni plastiki tupu, haina tundu wala triga inayovutika, tunazo pale kwenye duka la bunduki ninakouza ili mteja ajaribishie holsta, yaani kile kifuko cha kuchomekea bastola ndani ya suruali, maana huwezi kumpa mtu bastola ya kweli aanze kuichomekachomeka mbele ya watu. Mwenzangu wa zamu akanipiga picha, nikaitupia status kwa utani, sikujua itafika huko Ngamiani, Tanga, kabla mimi mwenyewe sijafika nyumbani kulala. Hapo nimekosa, nakiri.

Ila wewe umenichekesha. Mama analia wewe unauliza "kwani hako kabastola kana nini hasa hata mzigo ukifika unakwisha?" Mfanyabiashara ni mfanyabiashara bana. Haya, ngoja nikujibu, hako kabastola kanaitwa P365, kesho niko off.

Zamani ilikuwa hivi. Mtu akitaka bastola ya kutembea nayo kwa siri alikuwa na njia mbili, achukue nene inayobeba risasi nyingi iwe inamchoma mbavu kutwa nzima, au achukue nyembamba ikae vizuri lakini risasi chache. Kampuni ya Glock kwa mfano walitoa namba 43 mwaka 2015, nyembamba safi, magazini yake, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, risasi 6 basi. Watu wakanunua sana tu, ila manung'uniko yakawa yale yale, sita hazitoshi. Sasa Januari 2018 SIG Sauer, wale kiwanda chao kiko jimbo la New Hampshire, wakaleta hii P365. Unene kama sentimita mbili na nusu, urefu haufiki sentimita 15, uzito nusu kilo, yaani ile sukari unayonunua kwa Mpemba. Halafu ndani ya magazini wameingiza risasi 10, na moja ikikaa kwenye mtutu zinakuwa 11. Watu wakabaki wanaangaliana!

Siri yake utaielewa haraka kuliko wateja wangu. Unavyopanga mikoba kwenye shangazi kaja, ukiipanga mmoja juu ya mwingine inaingia michache, ukiipishanisha huyu kichwa huku yule kichwa kule inaingia karibu mara mbili na begi halijatanuka sana. Ndo hivyo hivyo, risasi zimepishana kidogo kule chini, zikikaribia mdomo wa magazini zinarudi mstari mmoja. Basi, hakuna uchawi.

Na jina lenyewe dada, 365, siku za mwaka. Hapo ndo waliponimaliza. Maana wateja karibu wote wanakuja na habari moja, "ninayo tayari, kubwa, iko kwenye droo." Walinunua, wakabeba wiki moja, ikawaumiza nyonga wakikaa kwenye gari, wakaiweka. Joto la hapa Texas Julai na Agosti linapiga digrii 38, 40, mtu anatembea na fulana na kaptula, ukiweka lidude kubwa kiunoni linachora kwenye nguo kila mtu anaona. Kwa hiyo unapomwekea mkononi kitu cha nusu kilo kinachopotea kwenye kiganja unaona kabisa uso unabadilika, na swali la kwanza mara nyingi hata siyo inapiga vipi, anauliza hivi nikivaa hii mke wangu atajua?

Wenzao hawakulala, si unajua ukileta mtindo mpya leo kesho Barabara ya 12 nzima wameutundika. Springfield Armory wakaja na Hellcat mwaka 2019, magazini ya risasi 11, wamezidisha moja tu makusudi ili waandike kwenye boksi. Mwaka 2021 Smith & Wesson wakaleta Shield Plus, Ruger wakaleta Max-9. Glock nao 2019 walirefusha mpini wa ile 43 ikabeba 10. Kaunta yetu zimelala nne tano zinafanana kama mapacha, bei nyingi zinacheza dola mia nne hadi mia sita, mteja anashika hii anaachia ile nusu saa nzima.

Kitu kingine kinachowauzia hii ya SIG, kisheria bunduki ni kile kichuma cha ndani chenye triga na namba ya usajili, lile ganda la plastiki la nje na mpini ni kama kava la simu. Kwa hiyo mtu ananunua mara moja kwa fomu, baadaye anaagiza ganda jingine kwa posta, refu, fupi, zambarau, la rangi ya mchanga, anabadilisha mwenyewe mezani kwake. Pesa ya kweli ya duka iko huko, magazini za ziada, holsta, darubini ya kulengea ya nukta nyekundu. Bosi anasema bastola ni kiingilio tu.

Na sheria imesaidia biashara. Hapa Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimkatazi kumiliki anabeba bastola bila leseni ya kubeba. Ila kununua dukani lazima ujaze fomu 4473, nikuulize kitambulisho, tuulize mfumo wa FBI kama umekatazwa kumiliki, jibu mara nyingi linarudi ndani ya dakika chache. Namkumbuka baba mkubwa na ile shotgun yake ya kufukuzia nguruwe Muheza, serikali ya mtaa, kata, wilaya, polisi, viatu viliisha soli. Hapa mtu anaingia kununua buti anatoka na vyote viwili. Halafu kwenye mlango wa hospitali nilikompeleka mtoto kuna bango kubwa, Kiingereza na Kispanyola, linataja kifungu 30.06 cha sheria ya Texas, maana yake hata kama umeficha humu usiingie nayo. Mara ya kwanza nililisoma nikadhani ni bei ya kitu.

Sasa nikwambie wasichoandika kwenye boksi. Bosi alitupeleka uwanja wa shabaha tuzijaribu ili tujue tunachouza. Dada, kadogo kale kana teke! Ile kubwa inakusukuma kistaarabu, hii inakurukia mkononi kama samaki hai, risasi ya kwanza nimepiga karatasi, ya pili sijui ilienda kwa nani. Udogo unakuuzia kaunta, ukifika uwanjani unakudai. Wengi wanapiga boksi moja la risasi 50 hawarudi tena, wanatembea nayo miaka wakijiamini.

Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja mwalimu mstaafu, vidole vimepinda na baridi yabisi, binti yake amemwambia anunue "ile ya kila siku." Nikaifungua nikahakikisha haina kitu nikampa. Akavuta slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma kuingiza risasi, ikagoma. Akavuta tena ameuma meno, kidole gumba kikateleza, akacheka kwa aibu akanirudishia akijifuta mikono kwenye sketi. Nikamwonyesha Shield EZ, hiyo Smith & Wesson waliitoa 2018 kwa watu wa aina yake kabisa, slaidi laini. Akaivuta vizuri, akaiangalia muda mrefu, akaiweka chini polepole kama kikombe cha watu. Akaondoka na pilipili ya kupuliza ya dola kumi na kitu. Bosi alininunia lakini mi nililala vizuri.

Mwingine, huyu nilitaka nikupigie siku ile ile. Kaka mmoja wa Bukavu, anaendesha Uber, kaona jina langu kifuani akaniamkia kwa Kiswahili chao, "Ndugu, uko na kale kadogo, kale hakaonekane?" Nikafurahi kusikia lugha, nikamtolea. Akakashika kidogo, akarudia, "kadogo," halafu akanyamaza. Akaniambia kwao kadogo lilikuwa jina la watoto waliopewa bunduki, wale wa vita vya 96 na 97, na mmoja alikuwa wa nyumba ya pili kutoka kwao. Nikamwambia pia Uber hawaruhusu dereva kubeba silaha kazini, wakikujua wanakufungia. Akasema anajua, ila abiria wa saa tisa usiku hawajali kwamba yeye anajua hiyo sheria. Hakununua siku ile. Sijui kama alienda duka lingine, sikumuuliza namba.

Sasa lile wazo lako la mikoba yenye zipu ya siri pembeni ya kufichia bastola. Nimeliona na nimeelewa, na ni kweli ipo hapa, inauzwa, tunayo mpaka ya ngozi yenye mauamaua. Lakini sikiliza. Mwisho wa Disemba 2014 huko Hayden, Idaho, mama mmoja alikuwa dukani ananunua vitu, mkoba wa aina hiyo hiyo kauweka kwenye kitoroli pembeni ya mwanawe wa miaka 2. Mtoto akafungua zipu. Mama alifia pale pale. Na hizi ndogo nyingi tunazouza hazina hata kifuli cha nje cha kuzuia isifyatuke, zipo zenye swichi hiyo pembeni ila wengi pale kwetu wanachukua isiyo nayo kwa sababu eti inachelewesha. Mteja akiniuliza mkoba namwambia kiunoni ni bora, nakosa mauzo, basi. Wewe shona mikoba yako ya Eid, weka mfuko wa simu.

Umeuliza pia kama mimi ninayo. Wafanyakazi tunapunguziwa bei, na mwezi wa tatu nilifika mpaka kujaza jina kwenye fomu. Nikakumbuka Rama wetu ana miaka 3 na juzi kafungua kabati la dawa kwa kijiko. Nikaichana fomu.

Pesa ya mabati nimetuma jana, iangalie kwenye simu yako siyo ya mama, yake namba ya siri amesahau tena. Mwambie mama mwanawe yuko salama, anauza duka tu, na siku nyingine ataweka picha ya nyama choma. Ile ya bluu nimeshaifuta.

Wako mdogo wako,
Hamisi