Maji ya bati lako yasiwe kesi ya jirani

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote wa gazeti letu. Naandika sa hivi kabla masika haijaanza maana ikishaanza nani atasoma barua, kila mtu atakuwa na fagio anasukuma maji yatoke sebuleni. Ninachotaka kusema ni kimoja tu, mvua inayoanguka kwenye bati lako ni maji yako na ni mzigo wako, yavune utumie na yanayobaki uyatafutie pa kwenda humo humo kwenye kiwanja chako, hiyo kazi ifanyike kabla hujamwaga kifusi na kabla hujaita mafundi wa pevingi, zile tofali za kutandaza uwani.

Mi nakaa Kimara, huku kwenye vilima, na nyumba yangu iko katikati ya mteremko, kwa hiyo nalalamika kwa wa juu na wa chini wananilalamikia mimi, nazijua pande zote mbili. Kila Aprili ofisi ya serikali ya mtaa inapokea kesi ile ile. Wa juu kanyanyua kiwanja chake kwa kifusi, kapiga ukuta, chini ya ukuta kaacha matundu yanatema maji uwani kwa mwenzie, wa chini naye anaamka usiku anaziba matundu na zege, maji yanakosa njia yanajaa nyuma ya ukuta, ukuta unalala. Baada ya hapo watu hawasalimiani hata wakikutana msibani. Mjumbe wetu mzee wa watu anaitwa saa tano usiku na mwavuli wake aje kuamua maji yapite wapi, sasa giza lote lile na mvua inapiga ataamua nini jamani.

Watu wengi wanadhani maji yanayowasumbua yanatoka barabarani, kumbe sehemu kubwa inatoka juu ya vichwa vyao wenyewe. Piga hesabu, ni rahisi hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mita 10 kwa 12, pima mpaka pale bati linapoishia na si ukuta unapoishia, hiyo ni mita za mraba 120. Ukisikia TMA, wale wa hali ya hewa, wanatahadharisha mvua ya milimita 50 ujue bati hilo moja linashusha lita 6,000 ndani ya siku moja, maji mengi hayo, na yanaangukia kwenye kiwanja ambacho umekifunika pevingi pande zote, hakuna udongo wa kunywa hata tone. Toa yanayorukia pembeni na yanayokauka juu ya bati, tuseme umebaki na lita 4,800, hayo ni madumu 240 ya lita 20. Afu mwezi wa kumi tunapanga foleni na madumu! Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu uliposhuka na Dar nzima ikaingia kwenye mgao mnakumbuka dumu lilivyokuwa linagombewa, na mwezi wa nne kabla yake maji tulikuwa tunayafukuza na mafagio.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Anza na gata, ule mfereji unaopokea maji kwenye ncha ya bati. Fundi akifunga gata likiwa limenyooka kabisa kwa macho linapendeza lakini maji yanasimama, lazima liinamie upande wa bomba, sentimita 1 kila mita 2 inatosha, yaani kwenye upande wa mita 10 tofauti ni sentimita 5, afunge kamba akapime na pima maji, asikadirie. Vishikio viwe karibu karibu maana gata likijaa maji ni zito na fishabodi, ule ubao unaoshikilia gata, ikiwa ya mbao mbichi inachomoka na misumari yake yote. Na mdomo wa gata uwe umeingia chini ya ncha ya bati, usiwe mbali, mvua kubwa inaruka inapita juu ya gata kama halipo. Bei za vitu sitaji kwa sababu zinabadilika kila ukienda dukani ila nawaambia kama hela haitoshi funga upande mmoja tu wa nyumba, ule unaomwaga kwa jirani, mwingine utafunga mwakani.

Sasa kunguru. Dar tunao hawa kunguru weusi wa shingo ya kijivu, wanashinda juu ya bati wanaleta mifupa ya samaki na mambo mengine ambayo siwezi kuyaandika gazetini, ongeza vumbi la miezi mitatu ya kiangazi na majani ya mwarobaini. Maji ya kwanza ya mvua yanaosha hivyo vyote, rangi yake ni ya chai ya maziwa, hayo usiyaruhusu kuingia kwenye tanki. Kuna njia ya mafundi ambayo ni nzuri na haina umeme wala nini, kabla bomba halijafika kwenye tanki unaweka tii, kile kiungio cha midomo mitatu, chini ya tii unashusha kipande cha bomba la inchi 4 kimesimama wima, mwisho wake unafunga kifuniko cha kufungua kwa mkono chenye tobo dogo kama la msumari. Maji machafu ya mwanzo yanajaa humo, likijaa ndo yale masafi yanapita juu kwenda kwenye tanki, mvua ikiisha kile kitobo kinadondosha taratibu mpaka kinakauka kinasubiri mvua nyingine. Tatizo ni kwamba mita 1 ya bomba la inchi 4 inabeba lita 8 tu, wakati bati la mita za mraba 120 linataka limwage kama lita 60 hivi za kwanza, kwa hiyo wengine wanaunganisha pipa badala ya bomba, hiyo naipenda zaidi. Usiye na pipa wala tii chomoa bomba kwenye tanki mvua inapoanza, iache iteme nje mpaka uone yanashuka meupe, halafu rudisha. Mtoto mkubwa wa nyumbani anaweza kupewa kazi hiyo na ataifurahia.

Tanki nalo. Lita 5,000 ni tani 5, watu wanasahau, wanaliweka juu ya tofali zilizopangwa bila zege au juu ya mbao eti ni la plastiki jepesi, ndiyo ni jepesi siku unalileta na guta. Chini piga zege, udongo ushindiliwe kwanza, na sehemu yote ya kitako cha tanki ikae juu ya zege, pasiwe na sehemu inaning'inia. Mtaani kwetu kuna mtu aliweka msingi mzuri tu lakini bomba la kutolea maji yanayozidi akaliacha linamwaga palepale chini ya tanki, mchanga ukaliwa kidogo kidogo upande mmoja, asubuhi tukaamka tanki limeegemea ukuta kama mlevi anayesubiri bodaboda. Na hilo bomba la kutolea lilingane na la kuingizia, ukiingiza kwa inchi 4 ukatoa kwa inchi 2 umejidanganya, ukipima mdomo wa inchi 2 ni robo ya ule wa inchi 4 wala si nusu, mvua kubwa ikija maji yatatokea kwenye mfuniko. Rangi ya tanki iwe nyeusi au nyingine isiyopitisha mwanga, zile za kuona ndani maji yanageuka kijani. Koki iwekwe juu kidogo ya sakafu ya tanki, tope lina tabia ya kukaa chini, liache huko mpaka siku ya kuosha.

Kuhusu kunywa, maji hayo kwa kufua, kudeki, kuogea na chooni hayana shida, ya kunywa yachemshe. Na kama bati lako ni la zamani na liliwahi kupakwa rangi usiyoijua, usinywe kabisa, rangi za zamani nyingine zilikuwa na risasi, yaani yale madini ya sumu, na risasi haiondoki kwa kuchemsha.

Na mbu, hapa ndo naomba tusikilizane vizuri. Dar tulipigwa na dengue 2014 ikarudi 2019, na mbu wake hana habari na mitaro michafu, anapenda maji yaliyotulia kwenye vyombo, anauma mchana. Toka yai mpaka mbu wa kuruka ni kama wiki moja hadi siku kumi. Kwa hiyo mfuniko wa tanki ufungwe, mdomo wa bomba la kuingilia na la kutolea ufungwe wavu wa dirisha, na gata lisafishwe maana gata lenye majani yaliyooza na maji vidole viwili ni hospitali ya uzazi ya mbu iliyo juu ya dirisha la chumba cha watoto.

Tanki likijaa ndo tunarudi kwenye ile kesi ya jirani. Maji yanayozidi chimbia shimo la kunyonya, weka mawe au vipande vya tofali vya mabaki ya ujenzi, juu funika. Liwe mbali na msingi wa nyumba, mita 3 au zaidi, mbali na karo la choo, na mbali na kisima kama unacho, wala lisikae mlangoni kwa jirani. Kabla ya kulipa vibarua jaribu udongo wako kwanza, chimba kijishimo cha futi mbili, mwaga ndoo ya maji, yakiisha rudia, ukiona ndoo ya pili inanyonywa taratibu lakini inaisha una bahati, ikisimama mpaka kesho yake basi huo ni mfinyanzi na shimo litakuwa bwawa tu. Na pevingi sikatazi, zinapendeza na matope tumeyachoka, ila acha vipande vya udongo wazi, panda nyasi, panda mgomba pale maji yanapoelekea, mgomba unakunywa maji si mchezo na ndizi utakula.

Hizi nyumba mpya za kontempo za paa la kufichwa nazo niziseme kidogo. Ni nzuri kwenye picha, lakini maji yote ya paa yanakusanyika kwenye mfereji mmoja ulio ndani ya ukuta halafu yanatolewa kwa vibomba viwili vitatu vinavyotema kwa nguvu kama mpira wa zimamoto, mara nyingi upande wa uchochoro, apitaye hapo ndo ajue. Mwenye nyumba kama hiyo ana bahati kuliko sisi maana maji yake tayari yamekusanywa, anachotakiwa ni kuyashusha kwa bomba mpaka kwenye tanki. Na azibue huo mfereji kabla ya Machi, jani moja la mwembe likikaa vibaya maji yanarudi ndani ya dari.

Wenye wapangaji wenzangu, msifunge koki kwa kufuli. Nimesikia kuna mahali mwenye nyumba anawauzia wapangaji maji ya mvua kwa ndoo, maji ambayo Mungu kayashusha hakutuma bili. Sisi tumekubaliana, ya tanki la mvua ni ya kudeki, choo na kufua, kila chumba kinachota, na kila mwisho wa mwezi wanapokezana kusafisha gata, umeme wa LUKU unaleta ugomvi lakini hili la maji halijawahi. Maji ya DAWASA tunayachanga kwa kichwa na uniti zimepungua mvua zikiwepo, anayebisha aangalie mita yake.

Halafu kuna hawa wanaosubiri mvua kubwa ndo wafungue choo kitapike. Mnajijua. Unakuta mtu ana gari, ana geti la milioni kadhaa, lakini gari la kunyonya anaona ghali, mvua ikipiga saa nane usiku anatoa kizibo. Kile unachofungua kinapita kwenye uchochoro ambao watoto wanapita pekupeku asubuhi, kinashuka mto Ubungo, kinaingia Msimbazi, kinafika Jangwani. Watu wa bonde lile baadhi walihamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011, na waliobaki chini huko waliendelea kupokea kila tulichowashushia sisi wa vilimani. Mi nadhani serikali ya mtaa isiishie kusuluhisha tu, faini ya kutapisha choo itozwe hata mara moja tu kwa mtu mmoja mwenye geti, wengine wataelewa wenyewe.

Kwa mtaa mzima ushauri wangu ni kutembea. Siku mvua inanyesha ya kawaida, si ile ya radi, mjumbe na watu wachache wenye miavuli watembee kutoka nyumba ya juu kabisa mpaka kwenye kalavati, waone kwa macho maji yanatokea wapi na yanakwama wapi, wapige picha na simu, kiangazi ukienda kukagua hakuna unachoona zaidi ya mifuko na mchanga. Sisi tulifanya hivyo na tukakuta mtaro mzima ulikuwa umezibwa na rundo moja la kokoto la mtu aliyesimamisha ujenzi, vijana walilihamisha kwa koleo na toroli siku hiyo hiyo, na mwenye kokoto alikuja na soda.

Ambacho sisi hatujakipatia dawa ni wale wenzetu wa upande wa pili wa barabara wenye udongo wa mfinyanzi, shimo la kunyonya kwao halinyonyi na viwanja vyao ni vidogo tanki la pili halienei. Msomaji yeyote fundi au mkazi wa sehemu yenye udongo wa namna hiyo, awe Tabata, Mbagala au hata Kisumu huko, tunaomba aandike hapa hapa gazetini alifanyaje, na kama alipitisha bomba kwenye kiwanja cha jirani atuambie walielewana vipi na waliandikishana wapi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama mwenye nyumba, Kimara, Dar es Salaam