Babako hakukunyima tabasamu

Mkomani, Lamu
Jumamosi, baada ya alasiri

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe huko Malindi na wanao. Kusi limeanza kuvuma na vyombo vya Matondoni vinafika vimelowa, lakini sikukalia kitako kukuandikia habari za upepo.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema ulilia usiku kucha: ulimwomba Baba akuchekee kwenye simu, akakupa nusu mdomo na paji limekunjamana, jioni yake nduguyo akakutumia picha ya mzee huyo huyo akimchekea mjukuu, uso mzima. Na shangazi yako, Mungu amsamehe, keshaeneza mtaani kwamba mzee anajua kuchagua wa kumchekea.

Zuhura, hiyo simu niliishika mimi. Ngoja nikueleze nilichokiona.

Siku ya kwanza nilipokuja kumfanyisha mazoezi baada ya kile kiharusi nilimwambia, "Ami, nionyeshe meno." Kushoto kukaja, kulia kukalala kama tanga lililokosa upepo. Nikamwambia ainue nyusi. Paji lote likajikunja, huku na huku. Hapo nikapata uhakika wa alichotuambia daktari, kwamba tatizo liko ndani ya ubongo. Sehemu ya juu ya uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo kiharusi cha upande mmoja hakiizimi. Mdomo hutegemea zaidi upande wa pili: kiharusi chake kiko kushoto, mdomo umelegea kulia. Ingekuwa mshipa wenyewe wa fahamu wa uso umeumia, kama binamu yako aliyeamka jicho halifumbi, paji nalo lingelala.

Wiki ya pili tuko darani, namhesabia mazoezi, akatokea yule mjukuu wenu mtundu amebeba paka, kamvisha paka kofia ya vito ya babu yake. Mzee akacheka. Wallahi pande zote mbili, na macho yakafinyika. Nikasahau nilikuwa nimefika ngapi. Nikamwambia, "Ami, hebu rudia." Mdomo ukarudi vile vile, kulia umelala. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ufunguo uliokuwa mkononi mwake sasa hivi.

Uso una njia mbili za kuufikia. Unapotaka mwenyewe kucheka, amri hutoka kwenye utepe wa juu wa ubongo unaoendesha viungo, na hiyo ndiyo njia iliyozibwa na kiharusi. Lakini macho yakiona jambo la kuchekesha, picha huenda mpaka nyuma, kisogoni, inatambuliwa, kisha sehemu za ndani zaidi, zile za hisia, hutuma ujumbe wao kwa njia nyingine mpaka kwenye misuli ile ile. Kuna wagonjwa wa kinyume chake: ukiwaamrisha wanatabasamu vizuri, kichekesho kikija, upande mmoja hausogei.

Daktari mmoja wa Ufaransa, Duchenne, aliyekuwa akisisimua nyuso za watu kwa umeme, aliandika mwaka 1862 kwamba msuli wa shavu hutii amri, lakini ule unaozunguka jicho huitikia furaha ya kweli. (Sisi tunaovaa nikabu tulimngoja Mfaransa atuambie hilo?)

Sasa nije kwenye simu yako, maana hapa ndipo ulipoumia. Huko Uppsala, Uswidi, mtafiti Ulf Dimberg aliwabandika watu elektrodi ndogo, vidude vya kupima umeme wa misuli, shavuni na juu ya nyusi, akawaonyesha picha za nyuso. Uso wa kucheka ulisisimua msuli wa shavu, uso wa hasira ukasisimua ule unaokunja nyusi, kabla hata ya nusu sekunde kupita, na mara nyingi kidogo mno jicho la mtu kuona. Mwaka 2000 yeye na wenzake walitoa matokeo ya picha iliyopita kwa sehemu 30 tu kati ya elfu za sekunde, kisha ikafunikwa na uso mtulivu. Watu hawakuutambua uso wa kwanza, na bado misuli yao iliujibu.

Wewe siku ile ulikuwa na uso gani, shoga yangu? Nilikuona mimi. Nyusi zimekutana, macho mekundu, unasema "Baba, nichekee, nichekee basi." Kwa mdomo ulimpelekea amri kwenye njia iliyofungwa, na kwa uso ukampelekea huzuni. Sikumbandika elektrodi, siwezi kuapa, lakini naamini lile paji lililokunjamana lilikuwa lako wewe, kakurudishia. Ulipokata simu aliishika kwa mkono wa kushoto, hataki nimpokonye.

Mazoezi sijayaacha. Kila asubuhi tunakaa mbele ya kioo, tunavuta ule mdomo, na "o" yake imeanza kuviringika. Sikuahidi zaidi ya hapo.

Ukipiga tena, usimwombe kitu. Muonyeshe tu: huyo mwanao wa mwisho akila embe, au jogoo wako anayefukuza wageni. Na ukipata nafasi njoo. Ukifika Mokowe nitumie ujumbe, nitampeleka gatini mapema akae mahali pa kuona boti inavyoingia. Usipunge mkono kwa fujo, atakuona tu.

Ile kofia bado inanuka paka. Mamako ameitaka aifue mara mbili, mzee hataki kuitoa.

Wako,
Mwanaisha