Bendi changa za thrash: nyimbo nne zinatosha

Ndugu Mhariri,

Makala yenu inazishauri bendi changa za thrash, yaani metali ya kasi sana, zitoe albamu nzima ndani ya mwaka wa kwanza. Hapo hatukubaliani. Bendi isiyo na lebo (kampuni ya kutoa rekodi) irekodi demo, yaani rekodi ya kujitambulisha, ya nyimbo nne, dakika 15 hadi 18, basi.

Metallica, bendi ya thrash ya Marekani, walirekodi demo ya nyimbo saba mwaka 1982, ikasambaa kwa kaseti, huyu akimnakilia yule. Albamu yao ya kwanza ilitoka Julai 1983, na zote saba zimo, mojawapo ikiwa na jina na maneno mapya. Katikati hapo zilikuwa zimeshapigwa jukwaani karibu mwaka mzima. Slayer, bendi nyingine ya thrash, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka huohuo kwa akiba ya mwimbaji wao Tom Araya na mkopo wa baba wa mpiga gitaa wao Kerry King. Fedha za namna hiyo haziombwi mara mbili, kwa hiyo bora ziende kwenye nyimbo zilizokwisha kuiva.

Kinachoua rekodi ya kwanza ni kasi. Kwenye mapigo 200 kwa dakika, mpiga gitaa anayegonga noti nne kila pigo anagonga 13 na ushei kwa sekunde. Mazoezini makosa yake humezwa na kelele. Studioni yanabaki uchi. Anzeni na metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye 150, mpandishe mapigo 5 kila mnapoumaliza wimbo mara tatu bila kuteleza. Pale mkono unapoanza kukakamaa kuanzia kwenye kiwiko, mmefika mwisho wenu wa sasa. Rekodini mapigo 10 chini ya hapo. Thrash ya 185 iliyonyooka husikika kali kuliko ya 210 inayoyumba, kwa kuwa sikio huipata kasi pale tu noti zinapoachana.

Gitaa la ridhimu, lile linaloshika mwendo wa wimbo, lirekodiwe mara mbili kweli, moja liwekwe spika ya kushoto na jingine ya kulia. Kunakili treki (rekodi ya ala moja) ileile na kuiweka pande zote mbili hakuongezi upana wowote. Sauti inarudi katikati, imekuwa kubwa tu. Na punguzeni geini (kiwango cha mkwaruzo wa sauti ya gitaa) kuliko mnavyoizoea, maana treki mbili zikijumlishwa, noti zinazozibwa kwa kiganja hugeuka mvumo wa nyuki. Kosa la karibu kila mtu ni kukata sauti za kati, zilizo baina ya nene na nyembamba, kwenye amplifaya. Ukiwa peke yako chumbani inatisha kweli. Bendi ikiingia, gitaa linapotea kati ya besi na matoazi.

Nyuzi mpya zifungwe siku moja kabla, zivutwevutwe kwa mkono na kutuniwa upya hadi zitulie. Zilizofungwa asubuhi ya kurekodi zitashuka wimbo ukiwa katikati. Mnapotuni, gongeni uzi kwa nguvu ileile mtakayopigia. Uzi mnene ukigongwa kwa nguvu hupanda kidogo, na aliyetuni kwa kuugusa polepole atakuwa juu ya besi wimbo mzima, kisha watu wamlaumu fundi mitambo.

Jalada lisiwapotezee muda, ilimradi jina la bendi lisomeke. (Nembo za miiba mnazipenda wenyewe.) Kaseti zote zinakiliwe kutoka rekodi mama, kwani nakala ya nakala huongeza mchakacho kila kizazi. Wanaoota santuri ya inchi 12 wajue kwamba upande mmoja ukizidi sana dakika 20, mifereji hubanwa, na sauti pamoja na besi hushushwa.

Makala yenu imenyamaza kabisa kuhusu umiliki. Ule wimbo wa Metallica uliobadilishwa jina ulikuja na Dave Mustaine, mpiga gitaa wao wa wakati huo. Aliondolewa Aprili 1983, wimbo ukabaki kwenye albamu yao, naye akaurekodi kwa jina lake la zamani kwenye albamu ya kwanza ya Megadeth, bendi aliyoianzisha baada ya hapo, mwaka 1985. Ubishi juu ya nani alitunga nini uliendelea kwa miaka. Kabla demo haijatoka mlangoni, andikeni karatasi moja: nani katunga muziki wa kila wimbo, nani maneno, mgawo wa kila mmoja kwa asilimia, na wimbo utapigwa na nani mwenzenu akiondoka. Wote watie sahihi, kila mmoja abaki na nakala.

Wasomaji wenu,
Wapigaji wa thrash