Kabla ya ukumbi, kuna sanduku la simu kuukuu

Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako habari za ukumbi utakaojengwa kwa ajili ya vijana wanaotengeneza programu za simu: intaneti ya kasi, viti vya kuzunguka, na shindano la kila mwaka lenye zawadi nono. Sina kinyongo na ukumbi. Ila nimo katika kazi hii tangu 2012, na ninalo la kuwaambia wenye fungu kabla hawajamwaga zege.

Programu yangu ya kwanza kupata watu ilikuwa daftari la madeni. Watu mia chache waliipakua, wakaanza kuitegemea. Siku moja kompyuta ikafa, diski ikagoma kufufuka, na humo ndimo ulimokuwa ufunguo, yaani faili la siri la kuisainia programu. Asiyeijua kazi hii atauliza, ufunguo gani tena? Android haipokei toleo jipya la programu mpaka liwe limesainiwa kwa ufunguo uleule wa toleo lililotangulia. Enzi zile ukiupoteza, basi tena. (Tangu Agosti 2021 Google huutunza wenyewe kwa programu mpya zinazoingia dukani kwao, Google Play, kwa hiyo vijana wa leo wana nafuu.) Ilinibidi niiandikishe upya kwa jina jingine, kama mgeni, na wengi waliokuwa nayo hawakunifuata. Ningekuwa na jirani wa fani angeniambia kwa dakika mbili: nakili ufunguo wako, uweke mahali pawili. Sikuwa naye. Nilikuwa najifunza peke yangu usiku, kwa video zilizokatika katikati bando lilipokwisha.

Ndipo nikaanza kutafuta wenzangu. Tulianza wanne, Jumamosi asubuhi, katika darasa la kuazima. Kilichotukutanisha mwanzoni hakikuwa somo, yalikuwa mafaili. Kuipakua Android Studio, karakana ya kuandikia programu hizi, kwahitaji zaidi ya gigabaiti moja, na hapo hujaanza. Gradle nayo, chombo cha kuiunganisha programu, ikiamka huvuta mtandaoni maktaba (vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na wengine) moja baada ya nyingine, nawe umekodoa macho kwenye mstari usiosogea. Basi mmoja wetu anapakua, wengine tunanakili kwa flashi, tunaiambia Gradle ifanye kazi bila mtandao, maisha yanaendelea. Kompyuta zetu nyingi zilikuwa na kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 4, ilhali Google wanataja 8 kuwa kima cha chini. Simu ya kuigiza ndani ya kompyuta kama hizo hata usijaribu, kila kitu kinaganda. Chomeka simu halisi kwa waya.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa sanduku. Leo lina simu 17 ambazo watu waliziacha walipopata mpya. Kila moja ina kipande cha plasta mgongoni kilichoandikwa kwa kalamu: toleo la Android, kumbukumbu, na kilema chake. «Haina sauti.» «Kioo kimepasuka, gusa kwa chini.» Moja imeandikwa «betri inavimba», na hiyo nadhani ilifaa tuwe tumeshaitupa.

Binti mmoja wa kikundi alitengeneza programu ya kusajili wateja. Unajaza jina, namba na anwani, kisha unabonyeza kitufe upige picha ya kitambulisho. Kwenye simu yake ilikwenda kama maji. Tukatoa sandukuni simu namba 6, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1. Akajaza fomu, akafungua kamera, akapiga picha, akarudi. Fomu tupu. Akarudia, tupu. Akasema simu ni mbovu. Kumbe kamera ikifunguka kwenye simu yenye kumbukumbu finyu, Android huiua programu iliyobaki nyuma ili ipate nafasi. Ukirudi inaanzishwa upya, na kama hukupanga mapema yaliyoandikwa yahifadhiwe, yameyeyuka. Mambo hayo yamo kwenye miongozo, ndiyo, lakini mtu hayasomi mpaka yamuume. Na wateja wake wangeitumia kwenye simu za namna ile ya namba 6, si ya kwake. Alichukua Jumamosi mbili kuirekebisha, na tangu hapo hakuna programu inayotoka kwetu bila kupita kwenye simu namba 6.

Shindano nimewahi kuingia. Saa 48 bila kulala, fulana za bure, hundi ya bango kubwa kama mlango, picha. Timu yetu ikashika nafasi ya pili. Programu ile haikuwahi kuingia dukani hata siku moja, na wenzangu wawili sikuwaona tena. Waandaaji nao hawakupiga simu. Hata ingeingia, ingehitaji mtu wa kuilea: Google hutaka kila mwaka, kwa kawaida ifikapo 31 Agosti, programu mpya na matoleo mapya yalenge Android ya karibuni, na programu iliyoachwa bila kuguswa hatimaye hufichwa wenye simu mpya wasiione. Zawadi hutolewa siku ya kwanza, na ulezi haulipwi na mtu.

Halafu kuna sharti ambalo wanaojenga kumbi sijui kama wamelisikia. Mtu aliyefungua akaunti binafsi ya utengenezaji kwenye Google Play baada ya 13 Novemba 2023 haruhusiwi kuitoa programu yake hadharani mpaka ijaribiwe na watu kadhaa kwa siku 14 mfululizo. Walikuwa 20, tangu Desemba 2024 ni 12. Ada ya dola 25, inayolipwa mara moja, mtu anaweza kujinyima akaipata. Watu 12 wasiojitoa kwa wiki mbili atawatoa wapi kijana anayejifunza peke yake chumbani? Kwetu ni kuinua mkono tu: leo najaribu yako, kesho utajaribu yangu.

Kikundi kiliwahi kukaribia kufa, na sababu yake haikuwa fedha. Aliyeshika ufunguo wa darasa alipata kazi akahama, tukakaa miezi miwili bila pa kukutana. (Ufunguo tena, Mhariri, sina bahati nazo.) Sasa zipo nakala tatu. Waliopata kazi za kampuni za nje nao tumewabana: mara moja kwa mwezi wanakuja kusoma msimbo, yaani maandishi ya programu, wa wadogo zao. Tunauonyesha ukutani, na mwenye msimbo haruhusiwi kujitetea dakika 10 za kwanza. Wa kwanza kuketi pale nilikuwa mimi, na kijana wa miaka 19 akanionyesha kosa nililolibeba miaka minne.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye fungu ni dogo. Zawadi ya mshindi wa kwanza ingetosha bando la mwaka mzima kwa vikundi kadhaa kama chetu, na vifaa vya kuongeza kumbukumbu kwenye kompyuta kuukuu. Nanyi waandishi, mnapokwenda kupiga picha za washindi, rudini baada ya mwaka muulize programu iko wapi.

Wiki hii yule binti wa fomu anataka kuitoa programu yake ya pili. Tumehesabiana, tuko tisa. Kama kuna wasomaji watatu wenye simu ya Android na subira ya siku 14, namba yangu Mhariri anayo.

Wako msomaji,
Mtengenezaji wa programu za simu