Mpelelezi asiyemtambua mpenzi wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni tofauti na yale ya ukurasa wenu wa burudani, ambao wiki iliyopita uliwashauri wasomaji waitafute The Tourist ya mwaka 2010, kwa maelezo kwamba ni filamu ya mapenzi na ujasusi inayowafaa wanandoa. Mimi na mwenzangu tuliufuata ushauri huo nyumbani kwetu Chumbageni, pamoja na majirani wawili waliovutwa na majina ya Angelina Jolie na Johnny Depp, na ilipokwisha hakuna aliyeomba hata kipande kimoja kirudiwe.

Sikatai kwamba picha zake zinapendeza. Paris ipo, Venice ipo, na kamera haichoki kumfuata Bi Jolie na magauni yake. Kilichokosekana ni mapenzi yenyewe.

Elise, anayeigizwa na Bi Jolie, anapokea barua ya Alexander Pearce, mpenzi wake aliyemwibia jambazi na kuikwepa kodi ya Uingereza, ikimwagiza apande treni ya Venice na amtafute humo mwanamume mwenye umbo kama lake, ili polisi wadhani ndiye Pearce. Anamchagua Frank, yaani Bwana Depp, anayejitambulisha kuwa mwalimu wa hesabu kutoka Marekani. Nawaomba radhi ambao hawajaiona, kwa kuwa kasoro yake haielezeki bila kufichua mwisho: Frank ndiye Pearce, aliyebadilishwa sura kwa upasuaji.

Sasa, mwanamke huyu ni mpelelezi, kazi yake ni kuwachunguza watu, na alimpenda Pearce kiasi cha kuwageuka wakubwa wake kwa ajili yake. Anakula naye meza moja, anambusu, anamtazama machoni kwa utulivu, wala hashtushwi na mwendo wake au namna anavyoinamisha kichwa. Huku kwetu mke humjua mumewe kwa mlio wa makubazi uchochoroni, kabla hodi haijapigwa. Daktari anaweza kuibadili pua, lakini sijasikia aliyebadili mwendo. Mwanamume naye, ambaye anajua kila kitu tangu ndani ya treni, haonyeshi hata mara moja dalili ya mtu aliye karibu na mpenzi wake na kulazimika kujifanya mgeni kwake, jambo ambalo lingetosha kuwa filamu nzima. Siri ilifichwa vizuri mno, hata mapenzi nayo yakafichika.

Waandaaji wa tuzo za Golden Globe waliiteua, pamoja na nyota wake wawili, katika kundi la vichekesho na muziki. Sisi tulicheka mara moja tu, pale Frank alipofungwa pingu ndani ya boti iliyokuwa ikivutwa na boti ya Elise huku majambazi wakiwafuata kwa mwendo wa maarusi, na jirani yangu, mvuvi wa Deep Sea, akasema kwamba ngalawa yoyote yenye tanga zima ingewapita wote.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba mwongozaji wake, Florian Henckel von Donnersmarck, si mtu asiyeijua kazi. Filamu yake ya Kijerumani ya mwaka 2006, The Lives of Others, iliyopata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, inamhusu ofisa wa usalama wa Ujerumani Mashariki anayekaa darini na vifaa vya kusikilizia, akiyanasa mazungumzo ya mwandishi wa tamthilia na mpenzi wake, hadi maisha yao yanaanza kumbadilisha yeye mwenyewe. Ofisa huyo hasemi hata neno na mwandishi yule, lakini anawajua wapenzi wale kuliko Elise anavyomjua mtu anayembusu.

Namwomba mwandishi wa ukurasa wenu aiangalie hiyo, kisha atuandikie.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga